Hakimu Mwenye Mkono Mwekundu

Mkono wa kushoto wa lile vazi ulikuwa na joto.

Lubna aliligundua hilo Jumanne, karibu na saa saba mchana, katika duka la ushonaji la Roseville alikofanya kazi kwa mwaka wa sita sasa. Alikuwa akilitandaza vazi mezani alipime. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio na hita ya dukani ilikoroma tu bila faida, hata kila alichokigusa kilikuwa baridi: mkasi, meza, cherehani. Vazi lenyewe, kifuani na mgongoni, lilikuwa baridi vilevile. Ila ule mkono. Joto lake halikuwa la hita. Lilikuwa joto la mtu, kama kwamba aliyekuwa amelivaa ameuchomoa mkono wake sasa hivi na yuko karibu, anasubiri kurudishiwa nguo yake.

Mteja, mama wa Kizungu mchangamfu, hakuona kitu. Vazi ni la mume wangu, alieleza. Limekuja kwa posta, ni refu mno, naomba lipunguzwe kabla ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku yenyewe! Mtunzi mwenyewe wa vile vitabu vya katuni vya Hakimu atazungumza mjini Minneapolis, aeleze asili ya mashujaa wake wa mwanzo kabisa.

"Si anatoka kwenu huko?" aliuliza. "Unamfahamu?"

Lubna aliitazama ile kanzu nyeupe yenye mkono mmoja mwekundu. Pale begani, palipounganishwa nyekundu na nyeupe, mshono ulikuwa umerudiwa mara mbili na kufungwa kwa fundo la upande. Hakuna kiwanda kinachoshona hivyo. Fundo lile alilijua kama anavyoijua sahihi yake.

"Namfahamu," alijibu. "Ni binamu yangu."

Mteja alipoondoka, Elinaja, fundi mwenzake, Mtanzania wa Moshi asiyeweza kukaa dakika tano bila kusema, alikuwa ameshapasha moto mchuzi wa kuku ambao Lubna alikuja nao kutoka nyumbani. Alionja kijiko kimoja, akakunja uso.

"Dada Lubna, jamani! Leo umetupikia chakula cha wodini?"

"Kimefanya nini?"

"Chumvi, mama. Umetunyima kabisa."

Lubna alikumbuka kuitia. Hata hivyo alipasua kipakiti cha chumvi, akanyunyiza. Akanyunyiza na cha pili. Mchuzi ukabaki vilevile. Elinaja akamwaga chumvi kavu kiganjani, akailamba, akaitema kwenye karatasi.

"Kama vumbi! Hivi chumvi nayo ina tarehe ya kuharibika?"

"Haina."

"Basi hii imekufa." Akanusa hewani. "Na nani anachoma kitu? Kuna harufu ya... sijui. Kama ubani uliomwagiwa maji."

Harufu ile Lubna alikuwa ameisikia kabla ya mwenzake, na alijua ilikotoka. Mtoto yeyote aliyekulia Mombasa anafahamu ni nani anayekula chakula kisicho na chumvi.

Hapa ni lazima mambo yasemwe wazi, maana yamefichwa miaka kumi na mitano.

Lubna alipokuwa na miaka kumi na saba, huko Kibokoni, Mombasa, alipandwa na jini. Alianguka jikoni mchana kweupe, akaamka anazungumza kwa sauti ya mwanamume mzee. Shangazi yake, Bi Ruqayya, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, akamleta mganga. Mganga akamketisha binti chini ya shuka, akafukiza ubani, akaanza kulihoji jini kama ilivyo desturi: wewe nani, umetoka wapi, wataka nini. Na kwa kuwa jini likishasema halirudii, palihitajika mtu wa kuandika. Fahim, mwana wa Bi Ruqayya, alikuwa na miaka kumi na tisa na mwandiko mzuri kuliko wote nyumbani. Akapewa daftari.

Jini likasema: "Mimi ni Hakimu. Nimetoka nchi isiyo na kivuli. Mtu namuuliza maswali matatu, na anayenidanganya namchukua." Likataka kanzu nyeupe yenye mkono wa kushoto mwekundu, na likataka ishonwe na kiti chake mwenyewe. Kiti ndilo jina la mtu aliyekaliwa na jini, kama kwamba ni samani. Lubna alishona siku tatu bila kulala, vidole vinamvuja damu. Kanzu ikafungiwa sandukuni, Hakimu akatulia, binti akapona. Fahim akaingia chumbani kwake na daftari, na pembeni mwa maneno yale akaanza kuchora.

Sasa tuulizane. Jina lilitoka kinywani mwa nani? Vazi lilitoka vidoleni mwa nani? Maswali matatu, nchi isiyo na kivuli, ule mkono ambao leo watoto wa Minnesota wanalala nao kwenye mashuka yao, nani aliyeyalipia kwa mwili wake? Na jalada linasemaje? Kimetungwa na kuchorwa na Fahim Athman. Nukta.

Kwenye mahojiano, kila mara Fahim alitoa asili mpya. Mara shujaa wake alimjia kwenye radi juu ya ziwa. Mara alimpata kituo cha basi, Saint Paul, majira yake ya kwanza ya baridi, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Wasomaji walizipenda zote. Katika zote hapakuwa na msichana chini ya shuka. Na Lubna alinyamaza, kwa sababu Fahim ndiye aliyemkatia tikiti ya kuja Marekani, na katika familia zetu tikiti ya ndege hufunga mdomo kuliko gundi.

Jumatano msimamizi wa nyumba za kupanga alimwaga chumvi ya kuyeyushia barafu milangoni kwa kila mpangaji. Kwa majirani barafu iliyeyuka ikawa matope. Mlangoni kwa Lubna ilibaki ngumu, inang'aa, na juu yake palikuwa na nyayo za miguu mitupu zikiingia ndani. Zinazotoka hazikuwapo.

Alhamisi alirudi kutoka kazini saa kumi na moja, giza limeshaanza kushuka kama ilivyo kawaida ya Januari huku, akakuta cherehani yake ya nyumbani inazunguka peke yake, polepole, sindano inapanda na kushuka bila kitambaa na bila uzi, tik, tik, tik, na alipochomoa waya ukutani iliendelea kuzunguka, na harufu ya ubani uliozimwa ilijaa mpaka koo likamwasha, na kutoka ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti yake, sauti ya mzee aliyoisikia mara ya mwisho ikitoka kwenye koo lake mwenyewe ilimwuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Nani aliyenileta?"

Alimpigia Fahim akiwa nje, kwenye theluji, na soksi miguuni.

"Amerudi," alisema.

"Nani? Lubna, niko na watu, nitakupigia."

"Hakimu. Yule uliyemtunga wewe. Kituo cha basi, si ndiyo?"

"Usianze, tafadhali. Unafanya kazi mno. Umeenda kwa daktari?"

"Jumamosi unasimama mbele ya watu kueleza asili. Eleza basi. Sema ilikuwa Kibokoni. Sema ulikuwa karani."

"Niwaambie Wazungu shujaa wao ni shetani wa binamu yangu? Unajua watatuita nini?"

"Na mimi unaniita nini, Fahim? Miaka kumi na mitano, unaniita nini?"

"Mimi ndiye niliyechora! Lile lilikuwa jina na kanzu, basi. Hadithi nimeijenga mimi."

"Jina na kanzu, basi," Lubna alirudia. "Haya, zitoe hizo mbili. Umebaki na nini?"

Simu ikakatika.

Ijumaa, Elinaja, ambaye ni Mlutheri na hana imani na mambo haya, alimtazama usoni mara moja tu akasema, "Dada, sijui kinachokusumbua, ila nenda kwa watu wenu. Hizi suruali nitamaliza mimi."

Mtu wenyewe alikuwa Maalim Jumaa, mtu wa Lamu aliyekuwa akipeleka abiria uwanja wa ndege na kutibu kati ya safari moja na nyingine, humo humo garini, nyuma ya duka la vyakula. Lubna alikaa kiti cha abiria. Maalim aliweka bilauri ya maji juu ya dashibodi, akasoma. Vioo vikaingia ukungu. Alipofika katikati ya kisomo, Lubna alisikia kicheko, na kilikuwa chake.

Maalim alisoma mpaka kikaisha. Kisha akajifuta jasho.

"Nieleze," alisema.

Alimweleza yote. "Kwa hiyo Maalim, nataka kesho aseme ukweli. Mbele ya watu. Kwamba vimetoka kwangu."

"Usithubutu, mwanangu."

"Kwa nini? Ni haki yangu!"

"Ni haki yako, sikatai. Lakini sikiza. Jini hufuata nasaba. Miaka yote hii huyu amesomewa nasaba za uongo kwenye magazeti, ndiyo maana hatulii. Hajui nyumba yake ni ipi. Kesho itatajwa kwa mdomo, mbele ya watu, na wewe uliyeshuhudia upo. Akitajwa kwako, amekaa kwako mpaka kaburini. Hakuna wa kumtoa tena, mimi wala mwingine."

"Na Fahim akisema ni wake?"

Maalim alitazama kioo, ingawa hakuna kilichoonekana. "Na wewe usimkanushe? Basi atamfuata anayemdai."

Kumbe ndiyo hesabu yenyewe: mwenye haki akiipata haki yake, inamla. Mwizi akiachiwa alichoiba, mwenye mali anapona. Lubna alitoka garini amekata shauri. Angekwenda, angekaa, angenyamaza. Alichohitaji ni Fahim adanganye kama kawaida yake, mara moja tu ya mwisho.

Jioni Bi Ruqayya alimpigia kutoka Apple Valley, kwa mwanawe anakoishi.

"Lubna mwanangu, yamekwisha. Nimemkalisha kitako yule bwana, nimemsema mpaka amelia. Kesho atakutaja. Kwa jina lako."

"Shangazi..."

"Usinishukuru. Nilikuwapo siku ile, nikaona vidole vyako. Nimenyamaza mno."

Lubna alishika simu kwa mikono miwili. Angemwambia nini? Kwamba nataka mwanao adanganye, ili jini linitoke limwingie yeye? Alisema asante, shangazi. Baadaye akampigia Fahim mara tisa. Hakupokea.

Jumamosi saa tisa ukumbi ulijaa. Watoto, wazee, vijana waliovaa mabawa na vinyago. Lubna alikaa safu ya nne, kando ya Bi Ruqayya aliyevaa buibui yake nzuri na kuushika mkono wake kwa nguvu. Yule mteja wa Roseville alimpungia mkono kutoka safu ya pili.

"Mume wangu ameshikwa na homa!" alisema kwa masikitiko. "Vazi limebaki kwenu dukani, sikuja hata kulichukua."

Lubna aligeuka kutazama nyuma. Ukutani, chini ya taa ya kijani ya mlango wa kutokea, alisimama mtu aliyevaa kanzu nyeupe yenye mkono mwekundu. Watu waliokaa karibu naye walikuwa wakifunga zipu za makoti yao na kulalamika kwamba kuna baridi. Taa ilimwangaza kila mtu pale, na kila mtu alikuwa na kivuli chake sakafuni, isipokuwa yeye.

Fahim alipanda jukwaani. Alikuwa amekonda. Akashika maikrofoni, akasema kwa Kiingereza, bila mzaha wowote wa kufungulia:

"Mmekuja kusikia asili ya mashujaa wangu wa mwanzo. Nimewadanganya kwa miaka mingi. Sikuwaumba mimi. Aliyewaleta ni mtu mwingine, na leo yuko humu ndani."

Bi Ruqayya akaminya mkono wa Lubna, machozi yanamtiririka. Na Lubna, ambaye alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu ana miaka kumi na saba, aliyeyasikia usingizini, aliyeyatamka peke yake mbele ya kioo huku akimjibu Fahim hoja kwa hoja, alihisi hatua za miguu mitupu zikianza kushuka kwenye ujia katikati ya viti, bila haraka, safu ya kumi, safu ya tisa, na kila zilipopita watu walikunja mabega bila kujua kwa nini, safu ya saba, na harufu ya ubani ikafika kabla yake, safu ya sita, na Fahim pale juu akivuta pumzi alitaje jina, na koo la Lubna likaanza kupanuka kutoka ndani kama mlango unaosukumwa na bega la mtu, safu ya tano.

Alisimama.

"Si kweli!" alipiga kelele. "Ni wake! Ni wake yeye mwenyewe, mimi ni shahidi! Nilikuwapo!"

Fahim alimtazama, mdomo wazi. Bi Ruqayya akauachia mkono wake. Halafu mtu mmoja akapiga makofi, akidhani ni unyenyekevu wa kifamilia, na ukumbi mzima ukafuata. Katikati ya makofi hayo kanzu nyeupe ikampita Lubna bila kumgusa, ikapanda ngazi za jukwaa. Hakuna mwingine aliyetazama. Makofi yalipokwisha, Fahim alikuwa amegeukia upande mtupu wa jukwaa, anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza swali.

Jumapili asubuhi Lubna alikaanga mayai, akatia chumvi, akaisikia. Akala mpaka akalia. Nje, barafu ya mlangoni ilikuwa imeyeyuka. Alijiambia kwamba Fahim alikuwa amepata alichokuwa akikidai kwa miaka yote. Kwamba hakumsukuma mtu. Alikuwa bado anajitetea hivyo, hoja moja juu ya nyingine, simu ilipolia.

"Lubna." Bi Ruqayya alinong'ona. "Nimejifungia bafuni."

"Kuna nini, shangazi?"

"Fahim yuko sebuleni tangu alfajiri. Anajibu swali."

"La nani?"

"Ndilo nikwambialo. Hakuna mtu." Alikuwa akihema. "Ni swali moja tu. Anaulizwa nani aliyemleta. Anasema Lubna. Anaulizwa tena. Anasema Lubna. Kila akikutaja anapiga ukelele, sijui anafanywa nini, nimeona damu zuliani. Nimemwambia sema ni wewe, baba, sema ni wewe yaishe. Anasema hawezi, jana aliapa kwangu hatadanganya tena."

Lubna alisukuma sahani kando.

"Mwanangu, kwa nini ulisimama vile? Nilikuwa nakutafutia haki yako."

Kwenye simu ukelele ulisikika, mrefu, wa mtu mzima anayejaribu kujizuia. Kisha komeo la bafuni, ambalo Bi Ruqayya alilifunga kwa mkono wake, likafunguka lenyewe, na shangazi akasema "Ya Rabbi" kwa sauti ndogo sana.

Sauti iliyokuja simuni ilikuwa ya Fahim juu juu. Chini yake ilikuwapo nyingine.

"Shahidi," ilisema. "Ninao wawili hapa. Yeye asema ni wewe. Wewe wasema ni yeye. Mmoja amenidanganya. Nani aliyenileta?"

Angeweza kukata. Angeweza kusema tena ni yeye, mara ya pili ingekuwa rahisi kuliko ya kwanza, na Roseville kazi yake ingemngoja Jumatatu, na chumvi ingekuwa chumvi.

"Mwachie," Lubna alisema. "Ni mimi. Si yeye, hakutunga kitu, aliandika tu. Jina lilitoka kinywani mwangu. Kanzu niliishona mimi. Mimi ndimi niliyekuleta, na usimwite mwingine."

Alikuwa amelitaka neno hilo kwa miaka kumi na mitano, alitamke mbele ya mtu anayesikia. Alilitamka lote, bila kutetemeka, na lilikuwa tamu kwa kiasi cha pumzi moja.

Upande wa pili kitu kizito kilianguka. Kisha alimsikia Fahim analia kwa sauti yake mwenyewe, anaomba maji, na Bi Ruqayya anakimbia, anarudi, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, ameamka, Lubna, umesikia, ameamka!

"Nimesikia, shangazi."

"Umemwambia nini? Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimesema kweli."

"Sasa tuje? Tukuletee chochote?"

Tik, ilisema cherehani nyuma ya Lubna. Tik, tik.

"Swali la pili," ilisema sauti, na safari hii haikutoka kwenye simu.